Jaruba la Sichana

Ukimwuliza mtu yeyote wa Mtondooni ni nani mkulima wa mpunga pale bondeni, atakutajia mdogo wangu Sichana kabla hujamaliza swali. Ukenda ofisini ukaangalia orodha ya wakulima wa bonde hilo hilo, jina lake hulikuti. Aliyesababisha hayo ni mimi, Abrahman, mwalimu mstaafu, mkaazi wa Mikunguni, mtu mwenye vitabu vingi na akili haba. Nayaandika kwa kuwa kila nikimsimulia mtu kwa mdomo najikuta najitetea, na sina cha kujitetea.

Tulizaliwa wawili tu. Baba alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, yeye tisa. Mama alikuwa na jembe moja na uwezo wa kushonesha sare moja ya skuli. Sare nikashonewa mimi, jembe akashika Sichana. Hakuna aliyekaa kitako akaamua. Mambo ya siku zile yalikwenda hivyo, na mimi sikuuliza. Nikaletwa mjini kwa shangazi, nikasoma, nikaingia chuo cha ualimu, kisha nikasomesha dini na Kiarabu miaka thelathini na tatu. Nilipokuwa chuoni, kila mwezi alikuja mtu na kipolo cha mchele kutoka Mtondooni, mchele unaonukia hata kabla mfuko haujafunguliwa. Wenzangu wakinitania kwamba mimi nasomeshwa na mpunga. Nikicheka nao, na kumbe walikuwa wakisema kweli.

Sichana alikua akawa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye nyayo pana. Akicheka hufunika mdomo kwa mkono uliojaa tope, halafu hushangaa kwa nini watu wanamcheka yeye. Jaruba lake, yaani kile kipande cha bonde kilichozungushiwa matuta ili maji yatuame, lilikuwa karibu na mfereji mkubwa. Akiingia humo asubuhi bila viatu alikwambia tuta lipi linavuja kabla hajalitazama. Alijua siku ya kupandikiza, siku ya kupalilia, na siku ya kuanza kuwinga ndege, na akiwawinga kwa kuwatukana mmoja mmoja, matusi ya kiungwana ambayo hata imamu angeweza kuyasikiliza. Nilipokuwa nakwenda kumtembelea nilikuwa nakaa kwenye tuta na gazeti langu, nikimsikiliza akigombana na ndege wake, na nikiona kuwa mdogo wangu ana maisha mepesi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naona.

Mumewe, Ubwa, alikuwa mwenye gari la ng'ombe, mtu wa mzaha, hana haraka. Mpunga hakuupenda. Akisema ni kazi ya wanawake na vyura. Lakini zamani, Serikali ilipogawa majaruba, walioitwa kwenda kuandikwa walikuwa wanaume, kwa hiyo daftari la bonde lilikuwa na jina la Ubwa. Jina lilikuwa la mume, jembe lilikuwa la mke, na miaka ishirini na sita hakuna aliyeona ajabu. Sichana hakujaaliwa kuzaa. Alimlea Jaku, mtoto wa Ubwa kwa mke wa kwanza aliyefariki, tangu yuko miaka minne. Sasa Jaku ni mtu mzima, anafanya kazi ya bustani katika hoteli moja huko Kendwa, ana mke na nyumba ambayo kuta zilikuwa zimesimama na paa hakuna.

Masika ya mwaka jana mvua ilinyesha siku tano bila kupumua. Maji yakaingia bondeni yakakaa. Mpunga ulikuwa ndio kwanza una mimba, suke limo ndani bado halijachomoza, na mpunga wa namna hiyo ukizama siku nyingi huoza. Siku ya tatu, Ubwa, yule yule wa kazi ya wanawake na vyura, alichukua jembe bila kuambiwa akaenda kuzibua mfereji. Maji yalimfika kifuani. Alikaa humo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akarudi anatetemeka na mzaha umemwisha. Homa ya kifua ikamshika. Siku ya sita akafariki, Mungu amrehemu. Mpunga nao haukupona.

Sichana msibani hakulia kwa sauti. Aliniambia neno moja tu, kwamba katika miaka yote ile alikuwa hajawahi kumwomba Ubwa amsaidie jarubani, na siku hiyo pia hakumwomba. Alilirudia neno hilo mara kadhaa. Mimi nikamjibu kwa mambo ya kadari, kama kawaida yangu.

Akaingia eda. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hukaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yake. Hajipambi, hatii manukato, haonani na wanaume wasiokuwa maharimu zake. Mimi nikabaki Mtondooni kumkalia, na Jaku akaomba ruhusa kazini akakaa pia. Nasema kweli, nilifurahi kuwa na kazi. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyekuwa ananiuliza kitu. Pale kijijini kila mtu alikuwa akiniita Mwalim, na kila jioni barazani palikuwa na swali linalonisubiri.

Siku ya kumi na nane ya eda ikaja habari kwamba watu wa Serikali watafika bondeni kuandika wakulima walioharibikiwa. Kutatolewa fedha na mbegu. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa hili: bonde zima litatengenezwa upya, lichimbwe mifereji na kupandishwa matuta mapya, na majaruba yatagawiwa kwa kufuata orodha hiyo hiyo. Daftari la zamani litawekwa kando. Asiyeandikwa siku hiyo hana jaruba.

Nyumba ya Sichana iko kwenye njia ya kushukia bondeni, basi asubuhi hiyo wanaume wa kijiji walijazana barazani kwetu wakingojea kuitwa. Akaja bwana shamba, kijana anayeitwa Mansour, mpole, ameshika kishikwambi ndani ya mfuko wa nailoni kwa kuogopa manyunyu. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba.

"Mwalim," akasema, "nnakuomba umwambie Bi Sichana aje mwenyewe. Robo saa tu. Kila mtu anapigwa picha kasimama jarubani kwake, na kitambulisho chake mkononi. Marehemu hatuwezi kumwandika. Atakayesimama ndiye atakayeandikwa, na jina likishaingia humu, miye sina uwezo wa kulitoa."

Aliniambia kila kitu. Hakuna alilonificha, wala siwezi kumlaumu. Mimi nikasimama, nikapandisha sauti kidogo ili baraza yote isikie, nikamwambia kwamba mwenye eda hatoki, na sembuse kutoka kwenda kupigwa picha na wanaume katikati ya bonde. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema maneno ya Mwalim ndiyo hayo hayo. Nikaona raha. Naomba Mungu anisamehe, niliona raha.

Sichana akaniita kutoka ndani. Nikaingia. Alikuwa amekaa mkekani, kanga imemshuka mpaka kwenye paji la uso.

"Kaka, hata nikijifunika gubigubi? Nnakwenda na kurudi."

"Hata ukijifunika."

"Basi mtu akaulize kwa sheikh. Asije mtu akatulaumu."

Hapo ndipo aliponitonesha. Miaka thelathini na tatu nimesomesha dini, nusu ya maimamu wa wilaya ile walipita mikononi mwangu wakiwa na kamasi puani, leo nimtume mtu akaniulizie kwa sheikh.

"Kwani miye hapa n'nani, Sichana?" nikamwambia, na sauti ilifika nje, maana barazani waliacha kuzungumza.

Alinitazama. Mtazamo ule niliusoma kuwa ni wa mtu aliyekinai na kuridhika. Mimi ndiye niliyetoa shauri kuwa asimame Jaku, mtoto wa marehemu, mtoto wa nyumba, kuna tofauti gani, hiyo ni karatasi tu. Sichana akasema, "Haya, kaka." Jaku akaoga, akavaa shati jeupe, akashuka bondeni na kitambulisho chake. Majirani walinisimulia baadaye kuwa hakuijua mipaka. Alisimama kwenye jaruba la watu, wanawake wakamwita na kumwonesha, huku zaidi, huku zaidi, mpaka akafika pahala pake. Akapigwa picha.

Mwezi wa saba orodha ikabandikwa ofisini kwa sheha. Nikapiga picha kwa simu nikamsomea Sichana. Jaku Ubwa. Akaniuliza kama hakuna jina jengine chini yake au pembeni yake. Nikamwambia hakuna. Akaendelea kusuka ukili wa mkeka.

Fedha zilipoingia, Jaku alimletea mama yake zote, na mbegu. Hilo lazima niliseme, kwa sababu yule si mtoto mbaya, na hadithi hii ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Bonde likatengenezwa. Likapendeza, hata mimi nililisifu. Jaku akapewa kibali chenye picha yake. Mwezi wa kumi na moja akatokea tajiri wa kijiji cha pili, anakodi majaruba, mavuno ya miaka mitatu analipa mbele. Jaku akatazama ile nyumba isiyo na paa na masika yanayokuja. Akamtazama na mama yake, mtu wa miaka hamsini na sita, anayeshika kiuno akiinuka. Akakubali. Fedha zikaenda kwenye mabati.

Alikuja mjini kunieleza. Alikaa kwenye kiti changu cha mlangoni akalia. Alisema alidhani anampumzisha. Maji yamemwua baba, tope limemmaliza mama, sasa aje Kendwa akae kitandani, ale, alee wajukuu. Nilimfokea mpaka majirani wakafungua madirisha, na wakati namfokea nilijua namfokea nani.

Sichana alikwenda Kendwa. Alikaa siku nane. Nilipomwuliza mbona amerudi, akanambia mke wa Jaku ni mtu mzuri, chakula kizuri, na watoto wana adabu. "Lakini kule ni mchanga mtupu, kaka," akasema. "Unaamka asubuhi, huna la kuufanya."

Nilikwenda ofisini mara tatu. Mara ya tatu Mansour alinikalisha, akaniagizia chai, akanionesha utaratibu kwenye karatasi: jina halibadilishwi mpaka ipite miaka mitano, na mwenye jina akitaka kulikodisha ni haki yake. Alisema aliposoma orodha aliumia. Alisema hata wanawake wa bondeni walimwuliza kwa nini Bi Sichana hayumo. Sikuinywa chai.

Eda ilikuwa imekwisha zamani. Siku moja, baada ya alasiri, nilikuwa katika msikiti mmoja wa Mji Mkongwe ambako nimezoea kukaa na sheikh tuliyesoma naye ujanani. Nikamwuliza, kwa njia ya mbali, kama anayeulizia habari za watu. Hakufungua kitabu. Alisema mwenye eda ya kufiwa hutoka mchana kwa haja yake ambayo hana wa kumtimizia, akarudi kwake, na shamba ni haja, bila shaka yoyote. Kisha akacheka. Akasema, "Mwalim Abrahman, hili si ulikuwa ukilisomesha wewe mwenyewe?"

Nilikwenda nyumbani nikashusha madaftari yangu ya kazi. Sikutafuta sana. Lilikuwemo, kwa mwandiko wangu, wino wa buluu, somo la wasichana wa kidato cha pili, na pembeni nimeandika: wasisitiziwe hili, watu wengi hawalijui. Nikakaa chini sakafuni. Ningependa kusema nilikuwa nimelisahau. Sikuwa nimelisahau. Siku ile sikulitafuta, kwa sababu nilikuwa na baraza imejaa watu na nilikuwa na hasira kuwa mdogo wangu, asiyekwenda skuli, kanambia nikaulize. Nililia peke yangu, mtu mzima na ndevu nyeupe, na kulia hakukunipunguzia kitu. Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi hata kula sikula. Nilichuma, wakala wao.

Miezi mitatu nilikaa na jambo hilo bila kumwambia. Nikipiga simu nazungumza habari za dawa ya mgongo. Nikapeleka sukari, nikapeleka godoro. Mwezi wa tatu mwaka huu, mvua za mwanzo zilipoanguka, nikaona siwezi kuingia Ramadhani na mzigo ule. Nikenda Mtondooni.

Nyumba imefungwa. Jirani akanambia Bi Sichana yuko bondeni, wanapandikiza. Nikadhani anasaidia jirani. Nikashuka. Kwenye jaruba lile lile lake la pembeni mwa mfereji palikuwa na wanawake wanane wameinama, vibarua wa yule tajiri, wanalipwa kwa siku. Wa mwisho kulia, mrefu kuliko wote hata akiwa ameinama, alikuwa yeye.

"Sichana."

Akainuka, mkono kiunoni. "Naam, kaka. Shikamoo."

Nikaitika. Akasogea mpaka chini ya tuta niliposimama, mashada ya miche mkononi, na wenzake wakaendelea bila yeye. Nikamwambia yote. Nikamwambia ya sheikh, nikamwambia ya daftari, na yale maneno niliyoyaandika pembeni. Nilisema haraka haraka huku natazama maji. Kisha nikamwomba aniwie radhi.

"Nshakusamehe, kaka. Kitambo."

"Kitambo lini? Si ndo kwanza leo nnakwambia?"

"Siku ile ile ya picha."

Sikumfahamu. Alikuwa akiiosha mizizi ya miche yake kwenye maji, polepole, tope likitoka.

"Nlikuwa nnajua," akasema. "Bi Kidawa keshatusomesha darsani, mwaka ule dada yake alipofiwa na mume. Nliposema akaulizwe sheikh, nlitaka uambiwe na mwanamme mwenzako, isiwe miye."

Nikamwuliza kwa nini basi hakutoka. Mlango ulikuwa wazi, bonde liko chini ya nyumba, na mimi ningemfanya nini.

"Baraza ilikuwa imejaa watu, kaka, na wewe ushasema." Akanitazama, mtazamo ule ule, na sasa niliusoma. "Ningepita mbele yao, uso wako ungeuweka wapi?"

Msimamizi akaita kutoka upande wa pili kwamba mwenye mstari wa kulia anachelewesha kazi. Sichana akamwitikia kuwa anakuja. Akanambia nirudi nikakae kivulini, jua kali, na ufunguo uko kwa jirani, na wali upo kwenye sufuria. Akarudi mahali pake akainama.

Wanaopandikiza hurudi kinyumenyume ili wasiukanyage walioupanda. Kwa hiyo alikuwa akienda mbali nami huku uso wake uko upande wangu, ingawa hakuuinua tena. Nilikaa pale mpaka wakafika tuta la pili. Kisha wakahamia jaruba la jirani, naye akaenda nao.